Malalamiko Kuhusu Sahani ya Angani Iliyomkimbiza Abti Ogle

Kwa Msimamizi wa Vipindi,

Assalamu alaykum. Natumai hamjambo nyote hapo kituoni. Mimi ni Ilwad Abshir, mwenye hoteli ya chai hapa Bura, Fafi. Runinga yangu ndiyo ya pekee karibu na soko la mbuzi, kwa hiyo kila siku baada ya swala ya Alasiri wazee hujaa kwangu kutazama tamthilia yenu ya wageni wa angani. Naandika kwa heshima, lakini nimeudhika.

1. Wageni hao hawasalimu. Wametoka nyota ya mbali, wanateremka kwenye sahani yao inayowaka taa, na neno la kwanza ni kutaka kupelekwa kwa kiongozi. Hata hali ya mifugo hawaulizi! Wenyeji nao hawawapi maziwa, wanawapiga risasi.

2. Sahani hutua Amerika tu. Kutoka hapa hadi Hulugho ni uwanja mtupu, hakuna ghorofa la kugonga. Rubani gani huyo anayeacha nafasi yote hii akang'ang'ania katikati ya jiji?

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita mlionyesha sahani ikimnyanyua ng'ombe kwa mwanga. Abti Ogle, kaka wa mama yangu, alikuwa kiti cha mbele. Huyu ni mzee aliyewahi kumfukuza fisi kwa kiatu. Kesho yake akiwa malishoni na ngamia wake kumi na tisa, droni ya wapima barabara ikaja juu yake, ikasimama hewani, ikawasha taa. Abti akawaambia ngamia, "Kila mtu na roho yake!" akatimua mbio hadi sokoni, kiatu kimoja mguuni. Ngamia hawakukimbia. Wao hawatazami runinga. Walirudi zizini wenyewe, wamepanga mstari.

Tangu hapo soko zima linamwita Mzee wa Anga, naye haji tena hotelini. Mkewe, Saado, anasema hata nyumbani hazungumzi. Nilimpelekea chai, akaniuliza polepole, "Ilwad, wewe ungesimama?" Siku ile, nilipomwona akija mbio, nilijifungia stoo na kuwaacha wateja wangu nje.

4. Kwa hiyo tunaomba sahani ijayo itue Hulugho, mchana, baada ya kupiga hodi. Wageni wasalimu, wasiguse mnyama wa mtu bila ruhusa, na apatikane mzee wa huku wa kuwapokea bila kukimbia. Kama hilo haliwezekani, iondoeni tamthilia yote. Tumekaa kikao, hakuna aliyepinga.

Wasalimieni watangazaji, mlinzi wa lango, na yule dada wa hali ya hewa ambaye kila siku anatutangazia jua kana kwamba hatujaliona.

Ni mimi, ninayengoja jibu lenu kwa subira iliyobaki,
Ilwad Abshir

Tanbihi: Alhamisi umeme ulikatika dakika tano kabla ya mwisho. Yule mtoto wa kijani aliyesahauliwa na sahani yao, mama yake alirudi kumchukua? Tafadhali pigeni simu, barua itachelewa. Abti Ogle, ambaye kumbe amekuwa akitazama kupitia dirisha la nyuma, ameingia asubuhi hii mbele ya watu wote kuuliza hilo, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa sote tulikuwa tunataka kujua.