Mlolongo Nyuma ya Mwenyekiti wa Desturi

Jumatatu, 3 Machi
Makao makuu Kisumu wametuma ujumbe. Uchaguzi wa tawi letu la Katito ni Ijumaa. Tuamue wenyewe: kura ya siri au mlolongo. Siri! Ndani ya Chama cha Desturi! Mimi Joram Ondiek ni mwenyekiti tangu chama kizaliwe. Mimi niliyemhutubia kiboko kule Asembo Bay mpaka akainamisha kichwa, akarudi majini kwa adabu. Anayekitaka kiti changu ni Beldina, muuza mitumba. Eti chama kisipobadilika kitabaki na wazee na viti vitupu. Mjinga. Viti vyenyewe ni vyangu.

Jumanne, 4 Machi
Mkutano. Beldina akaniuliza uhafidhina ni nini. Nikaeleza kisomi (darasa la saba nililifanya mara mbili): ni kuacha mambo yalivyo. Akasema hapana Mzee, ni kama nyumba. Ukitaka idumu, bati lililooza unalibadilisha. Nikamwambia paa langu linavuja tangu Achola wangu azaliwe, na kwangu kila mtu anajua pa kuweka beseni. Hiyo ndiyo desturi! Makofi. Mzee Obonyo akapiga meza, ingawa huenda alikuwa anaua nzi. Mlolongo ukapita: kila mtu atasimama nyuma ya mgombea wake, mchana peupe. Beldina kwisha!

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala nikiwaza, nimeamka na akili. Hapa kwetu nani anaweza kupita sufuria ya samaki mbuta? Dorca, mke wangu, atapika kesho uwanjani, meko yakiwa mbele yangu kabisa. Wenye njaa watapanga foleni nyuma yangu. Msimamizi ataona mlolongo. Dorca kaniuliza, Baba Achola, hii ni kampeni au matanga? Nimemwambia apakue polepole, chakula kisiishe kabla watu hawajahesabiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Mlolongo wangu ulifika hadi kwenye posho mill, kule wanakosaga unga! Beldina alikuwa na mamake na wateja wake wawili. Niliwapungia mkono, nikawahurumia. Mara upepo wa ziwa ukageuka. Moshi wote machoni mwa Dorca. Akalia kwamba haoni. Nikamkumbusha kwamba mke wa mwenyekiti hahami. Akaita akina mama, wakabeba sufuria mpaka upande wa pili. Kwa Beldina!
Mlolongo ukahama wote. Kwa nidhamu, hata kusukumana hakuna. Sijawahi kuona wanachama watulivu vile.
Bwana Waliaula, msimamizi kutoka Kisumu, akaanza kuhesabu palepale. Nikapiga kelele kwamba hao ni wenye njaa, si wapiga kura. Akauliza atawatofautisha vipi, na ni mimi niliyesema kusimama ndiyo kura. Dorca naye, mwiko mkononi, akahesabiwa kwa Beldina! Nyuma yangu alibaki Mzee Obonyo, kwenye kiti, usingizini. Waliaula akasema aliyelala hahesabiwi. Nikabisha: amelala akinielekea mimi!
Haikusaidia.

Jumamosi, 8 Machi
Beldina kaja nyumbani, kanisalimia kwa heshima. Anataka niwe mshauri wa tawi. Kazi yake mwenyewe ya kwanza, akiwa mwenyekiti, ni kuleta kura ya siri, ili watu wa Desturi wasihamishwe na sufuria tena. Eti kwa siri pengine hata mimi ningeshinda, wengi bado wananipenda ila tumbo liliwashinda. Dorca kakohoa, kaangalia dirishani. Nimemwambia Beldina afadhali kushindwa kwa njia ya mababu. Kaaga, kaenda.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kanisani, nimeanzisha chama kipya. Chama cha Desturi Halisi. Mwenyekiti, mimi. Nimepita bila kupingwa, hapa hapa sebuleni. Msisimko mkubwa! Wanachama kwa sasa ni mimi. Dorca kasema atajiunga leo leo, na kura yake atanipa mimi, mradi iwe ya siri.
Nimemkataa. Chama kichanga hakiwezi kuanza na mapinduzi.