Uvumilivu wa Wauguzi, Sehemu Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa. Dodoso langu la kupima uvumilivu wa wauguzi, maswali ishirini niliyoyatunga kwa miezi minne, limepata uthabiti, yaani kiasi majibu yanavyokubaliana, wa 0.38 kati ya 1. Msimamizi wangu wa tasnifu anataka angalau 0.70, la sivyo sitetei tarehe 28 na mwaka narudia. Eti maswali yangu hayasemi kitu kimoja. Akaniuliza kama nimegeuza alama za yale sita yaliyoulizwa kinyume, kama "Huwa nawafokea wagonjwa." Nikamjibu hayo ni ya wanaoanza. Kosa ni la wauguzi. Hawajijui.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa. Kama anataka maswali yanayosema kitu kimoja, atayapata. "Mimi ni mvumilivu." "Uvumilivu ninao." "Sikosi uvumilivu." Yako kumi. Dada yangu mkubwa, muuguzi, ndiye aliyewabembeleza wenzake hamsini wajaze lile la kwanza. Leo kasema wamechoka, zamu ni ndefu. Nikamwambia sayansi haina zamu. Akalichukua dodoso jipya bila kuniangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Nilienda mwenyewe wodini kuharakisha. Muuguzi mmoja kaandika pembeni mwa swali la saba: "Nimeshajibu, kijana." Mkuu wa zamu kanishika mkono hadi mlangoni, mbele ya wagonjwa. Dada alikuwa pale anapanga vidonge. Hakunitetea. Damu yangu mwenyewe.
Lakini uthabiti: 0.97.

Jumatatu, 10 Machi
Msimamizi kavua miwani, kafuta, kavaa tena. Kasema nimeuliza swali moja mara kumi, nirudi kwa yale ishirini. Na si hilo tu. Nilidai uvumilivu una sehemu tatu: ulimi, uso na moyo. Data zimekataa. Modeli, yaani mchoro wa sehemu hizo na maswali yake, haioani nazo hata kidogo.
Jirani yangu wa meza, binti anayepima upweke wa wazee, modeli yake imeoana mara ya kwanza. Kajitolea kuangalia faili langu. Anataka kuniibia mawazo. Nimekataa kwa adabu, nikageuza kioo cha kompyuta kielekee ukutani.

Jumatano, 12 Machi
Nimechora mishale kutoka kila swali kwenda kila swali. Programu inasema modeli inaoana na data kikamilifu. Nimeuchapa mchoro kwa rangi. Unafanana na kiota, lakini kiota kilichooana.

Alhamisi, 13 Machi
Msimamizi kasema modeli inayoruhusu kila kitu haidai chochote, kwa hiyo haiwezi hata kukosea. Nikamuuliza, kama haiwezi kukosea, kosa langu liko wapi. Kaniomba nifunge mlango nikitoka.

Jumatatu, 17 Machi
Dada kaja ofisini katoka zamu, bado na sare. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Kumbe anataka kujua wenzake walivyopimwa, maana ndiye aliyewaingiza. Nikamwonyesha. Kasoma akifuata mistari kwa kidole, kisha kidole kikasimama.
"Hapa muuguzi kasema hawafokei wagonjwa kabisa. Mbona umempa alama moja, ya chini kabisa?"
Nikamweleza kuwa amechagua kisanduku cha kwanza.
"Mdogo wangu, umewaadhibu wasiofoka."
Jirani yangu wa meza akakohoa. Dada akamwita, "Njoo, mwanangu, msaidie huyu." Wakageuza alama za maswali sita. Dakika nne. Uthabiti 0.81. Modeli nayo ikaoana, ila kwa sehemu mbili: ulimi na uso ni kitu kimoja. Dada kasema kila muuguzi anajua hilo, mgonjwa hasubiri ufungue mdomo.
Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi. Nilitaka kusema asante. Nikasema nilikuwa nakaribia kuliona.

Ijumaa, 28 Machi
Nimetetea, nimepita. Jopo limesifu uangalifu wangu katika kugeuza alama. Nikasema ni kawaida yangu. Dada kauliza kama wauguzi wametajwa kwenye ukurasa wa shukrani. Nimemwambia nafasi haikutosha. Hajapokea simu tangu mchana. Wauguzi hawana uvumilivu, sasa nimethibitisha.
Sasa naanza utafiti mkubwa zaidi: uonevu wa wasimamizi wa tasnifu. Safari hii hakuna kubahatisha. Walioniharibia ni wahojiwa, basi wahojiwa nimewaondoa. Nitajaza madodoso yote hamsini mimi mwenyewe.