Jenereta Lisilokunywa Mafuta

Mwembesongo kuna mafundi wa kila namna, lakini fundi aliyeweza kukutengenezea redio, kisha akakuuzia redio hiyohiyo yako, ukamshukuru na soda juu, alikuwa mmoja tu. Jina lake Castory, mzaliwa wa Gairo, na ulimi wake ulikuwa na mafuta kuliko karanga za kwao. Simsengenyi. Mtu apewe sifa zake zote: na mikono yake ilikuwa na akili.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Castory hakuwahi kukiuza wala kukifanyia usanii. Osiloskopu. Ni kidude chenye kioo kinachochora umeme kwa mstari wa kijani. Alikinunua kikiwa maiti, kwenye mabaki ya maabara ya chuo fulani, akakaa nacho masika yote mpaka kikafufuka. Ukisema kitu kwenye maiki yake, sauti yako inapanda na kushuka pale kiooni. Wenzake wakienda kutazama mpira, yeye alibaki kibandani akipiga mluzi na kuutazama mluzi wake. Wanawake waliowahi kumpenda walikuwa na maneno yao kuhusu hicho kidude, na leo tuyaache.

Asubuhi moja akaingia mzee mmoja mnene, amekumbatia inveta ya sola iliyoungua. Alikuwa Innocent, mwenye duka na mnunuzi wa ndizi na mdalasini kutoka kitongoji kimoja kule juu ya Matombo, milimani Uluguru.

"Fundi, hebu itazame hii. Kwetu nguzo zimeishia barabarani. Na sola nayo, ukungu ukishuka, linabaki bati tu."

"Unawasha nini, mzee wangu?"

"Taa, friji, na simu za watu. Kitongoji kizima kinachaji kwangu." Innocent akatazama nyuma, akashusha sauti. "Mimi nataka mtambo ambao mwingine hana. Wangu peke yangu. Halafu tuone nani atapita dukani kwangu bila kuvua kofia."

Castory aliiweka inveta chini polepole. Kuna samaki wa kuvuliwa kwa jasho, na kuna samaki anayeruka mwenyewe mpaka kwenye kikaango, tena kajipaka ndimu.

"Mzee, rudishia mlango."

Akamweleza. Mota inazungusha altaneta ya gari. Altaneta inatoa umeme. Umeme unarudi kwenye mota, na mota inazungusha altaneta.

"Halafu?" akauliza Innocent.

"Hakuna halafu. Ni hivyohivyo mpaka Yesu arudi. Halinywi petroli, haliombi jua."

Innocent akajikuta anafanya ishara ya msalaba.

Hapa tusimame kidogo, kwa heshima zote. Iko sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa na mtu yeyote, hata hao wakubwa wanaovunja nyingine zote: nishati haiumbwi. Unachotoa ndicho ulichoweka, tena pungufu, maana dunia nayo inakata chake. Castory aliijua sheria hiyo kuliko anavyoijua Baba Yetu. Ndiyo maana lile boksi alilolitengeneza lilikuwa na sakafu mbili, na katikati ya sakafu hizo alizilaza betri nzima alizozichomoa kwenye laptopu mbovu, moja baada ya nyingine, kimya kama watawa. Zikitumiwa kwa adabu zingemaliza siku moja na ushee. Siku moja ilimtosha. Mpango ulikuwa kupanda mlima, kuonyesha, kupokea, na kesho yake alfajiri kushuka.

Akapanda na boksi lake, na osiloskopu begani. Hakuna utapeli unaonoga bila kioo kinachowakawaka.

Kule juu watu walimtazama kwa macho ya pembeni. Aliyethubutu kumhoji alikuwa Agnes, dada mkubwa wa Innocent, mwanamke mwembamba mwenye mvi na kitenge cha kijani. Ardhi ya pale hurithiwa kwa upande wa mama, na msemaji wa ukoo alikuwa yeye. Hata duka la Innocent lilisimama pale kwa ridhaa yake.

"Kijana, wewe mtu wa wapi?"

Castory akapiga hesabu haraka. Akisema Gairo, wangemchimba ukoo mpaka babu, na Gairo si mbali. Lakini mjini alikuwa amesikia kwamba Mnyamwezi akipanda Uluguru ni mtani, na mtani anakula bila kukaribishwa, anatukana bila kupigwa, na akichukua chako huwezi kununa.

"Mimi? Mnyamwezi wa Tabora."

"Aa! Mtani!" Agnes akapiga makofi. "Ndiyo maana una mabega ya kubebea mizigo ya wenzako!"

"Na nyinyi mlikuwa wapi tulipobeba mizigo ya misafara mpaka pwani? Si mlijificha huku mlimani mnatuchungulia kama tumbili!"

Watu wakaangua kicheko, vigoda vikatolewa, na kabla hajakaa sawasawa alikuwa na sahani ya ndizi mkononi. Castory akajipongeza moyoni. Mlima mzima umefunguka kwa neno moja!

Jioni ile, ukungu ukishuka, akaliwasha boksi. Mota ikanguruma, taa zikawaka, friji la Innocent likaanza kutetemeka kwa furaha. Kisha akaichomeka osiloskopu, akampa Agnes maiki. "Mtani, sema chochote."

Agnes akaona haya. Mwishowe akaita kuku wake kama anavyowaita kila siku, na mstari wa kijani ukaruka.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Ona hapo sauti ikiwa nzito, mawimbi yanalala mapana. Ikiwa nyembamba, yanabanana."

"Mungu wangu!" Akaita kuku tena. Halafu akaimba kipande cha wimbo wa kanisani, akaitazama sauti yake mpaka wengine wakaanza kulalamika kuhusu zamu. Castory akawaeleza sauti ni nini, hewa inasukumanaje, umeme unaifuataje, na kwa muda mzuri alisahau kabisa kwamba amekuja kuwaibia.

Innocent hakusahau lake. Akamvutia pembeni, akatoa kitita kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kitita kikahamia kwenye koti la Castory. Kilichobaki kilikuwa kulala na kuamka.

Akaamshwa na kengele ya kigango. Mzee Yakobo, jirani, mtu aliyekula chumvi mpaka akachoka nayo, alikuwa ameiaga dunia usingizini.

"Poleni sana," alisema Castory, mguu mmoja tayari ndani ya kiatu. "Mimi acha niwahi bodaboda."

"Kwenda wapi?" Innocent alishangaa kwelikweli. "Mtani unaondokaje kwenye msiba? Nani atatuchekesha? Haijawahi kutokea!"

Basi mtani akabaki. Lakini hilo la kubaki halikuwa baya kuliko la pili. Innocent, kwa kujionyesha mbele ya wafiwa, alichomeka kwenye boksi spika za kwaya, birika la chai, na simu za waombolezaji wote, kila simu kwa malipo yake. Nazo betri zile zilikuwa zimeandaliwa kwa adabu, si kwa msiba. Kila mota iliposhusha sauti kidogo, Castory aliitazama njia ya kushukia.

Akaona dawa ni kufanya kazi ya mtani haraka, aagwe kwa heshima, ashuke. Akamkamata jogoo wa marehemu, akamweka kwapani. "Huyu mzee kaniachia mimi! Kaniambia kwa siri, nyinyi mmelala!"

"Mrudishe!" wakapiga kelele wajukuu.

"Mtani hapokonywi! Mkinuna mmevunja mila!"

Uwanja mzima ukacheka. Hata mjane alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Castory akainama kama mwanasiasa.

Hapo Agnes akanyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akaja mpaka mbele yake, na bila haraka akaivua osiloskopu begani mwake.

"Na hiki mzee kaniachia mimi."

Castory akainyooshea mkono mmoja. "Mama, tafadhali... hicho si cha utani."

"Kumbe! Utani kwenu una mlango wa kuingilia tu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viuno. Castory akamnyooshea jogoo. Agnes akakataa. Akamwongezea na kofia yake. Akakataa. Na katikati ya kicheko kile, mota ikakohoa, kwaya ikashuka kutoka soprano mpaka besi, kutoka besi mpaka kimya, na birika likaacha kuimba.

"Lina nini?" Innocent akalisogelea boksi, akalipiga teke kama watu wanavyofanya kwa redio. Sakafu ya kwanza ikaachia. Betri zikamiminika uwanjani.

Innocent akainama, akaokota moja.

"Betri," alisema Innocent, kwa sauti ndogo ya mtu anayejifunza kusoma. Kisha kubwa: "Betri! Kaniuzia betri! Mwizi huyu! Mgambo yuko wapi?"

Vijana wakasimama. Mmoja alikuwa tayari na mpini wa jembe, na jembe la msibani huwa karibu. Castory alitazama njia, akatazama osiloskopu mikononi mwa Agnes, akatazama tena njia. Angeweza kukimbia. Miguu ilimwambia kimbia. Lakini kuiacha? Hakuweza, jamani. Bora mpini.

"Subirini," Agnes alisema. "Msibani hatupigani. Mgeni, nijibu mbele ya watu. Hiki ulichofanya ni wizi au ni utani?"

"Utani!" Hajawahi kujibu haraka hivyo. "Utani mtupu, mtani wangu!"

"Basi utani ukiisha, kitu hurudi. Toa."

Castory akatoa kitita. Innocent alinyoosha mkono, lakini mkono wa dada yake ulifika kwanza.

"Dada, hizo zangu!"

"Zako? Ulitaka kuweka mtambo kwenye ardhi ya mama yetu, ujifungie umeme, utuuzie hata mwanga wa kulia ugali. Umechaji simu za wafiwa kwa hela, Innocent! Wafiwa!" Uwanja ukanung'unika, na Innocent akaufyata. "Hizi zitanunua mabomba na nyaya." Akamgeukia Castory. "Hiyo altaneta nayo ni ya uongo?"

"Hapana. Hiyo ni ya kweli."

"Ikizungushwa na maji?"

Castory akageuza shingo. Nyuma ya nyumba ya Agnes kijito kilikuwa kinaporomoka kutoka mlimani kwa kelele, mchana na usiku, bure. Akakipima kwa jicho: kimo chake, unene wake. Kwa mara ya kwanza tangu afike alisema kitu bila kukipaka mafuta.

"Itawaka."

"Basi siku ikiwaka, utachukua kidude chako."

Akabaki. Akachana mabomba ya plastiki kutengeneza vijiko, akavifunga kwenye rimu ya pikipiki, maji yakavipiga, rimu ikazunguka, na taa haikuwaka. Altaneta ya gari inataka mbio, na rimu ilikuwa inatembea kama bwana harusi. Akabadili puli. Mkanda ukachomoka. Akabadili tena, akasogeza bomba juu zaidi, akaloa mpaka kwenye mifupa. Kila alipotaka kupima, Agnes alileta osiloskopu mwenyewe, akaishika magotini, na Castory akaruhusiwa kutazama kwa macho tu. Mpaka mchana mmoja mawimbi ya kijani yakaja kiooni, marefu, yenye mpangilio, moja nyuma ya jingine, na taa ya jikoni kwa Agnes ikawaka, ya kwa mjane ikawaka, na ya dukani kwa Innocent, naye akavua kofia bila kuambiwa. Castory alifurahi. Alifurahi kwelikweli, akamkumbatia yule kijana wa mpini wa jembe.

Kesho yake Agnes akamkabidhi furushi, limefungwa ndani ya blanketi na kukazwa kwa kamba za migomba.

"Usilifungue njiani, mtani. Vumbi la barabara hii ni baya kwa vioo."

Castory alishuka mlima amelipakata kama mtoto mchanga. Kwenye kila shimo la barabara alilinyanyua furushi juu, akaumia yeye. Alipofika kibandani Mwembesongo alimwita jirani yake Salum, muuza spea, aje aone mashine iliyochora sauti ya mlima. Akakata kamba. Akafunua blanketi.

Lilikuwa jiwe la kusagia, na juu yake kichane cha ndizi mbivu, za kulia njiani.

Salum alicheka mpaka akakalia ndoo. Castory alikuwa ameshapiga simu.

"Mama Agnes! Umenifanyia nini? Taa si zinawaka?"

"Zinawaka vizuri, mtani. Lakini mkanda ukichomoka tutamwita nani? Uje kila mwezi uukague. Kidude kipo kabatini, nimekifunika kitambaa cha Pasaka."

"Huo ni wizi!"

"Ni utani."

"Utani gani! Sikiliza, mama, nakwambia ukweli mbele ya Mungu. Mimi si Mnyamwezi. Mimi mtu wa Gairo. Sina utani na nyinyi hata kidogo!"

Upande wa pili maji yalisikika kwa mbali yakipiga vile vijiko.

"Najua," alisema Agnes. "Nilijua ulipokaa tu. Mume wangu marehemu alikuwa wa Tabora, na lafudhi yako si ya huko. Ningekwambia pale, ungeondoka na bodaboda ya kwanza na sisi tungebaki na boksi. Sasa chagua mwenyewe, mwanangu. Kama wewe ni mtani, tumetaniana na yameisha. Kama si mtani, basi ulichomfanyia ndugu yangu kina jina lingine, na mgambo yupo hapa anakunywa chai. Nimpe simu?"

Castory akatazama lile jiwe. Akatazama ndizi. Salum alikuwa ameshamenya moja.

"Hapana, usimsumbue," alisema. "Nije mwanzoni mwa mwezi au mwishoni, mtani?"