Herufi za Lori la Bwana Barakat

Jumatatu, 3 Julai 1961
Bwana Barakat, mwenye gereji yetu hapa Changamwe, anataka kununua lori la dizeli la kuvuta magari yaliyoharibika. Yameletwa mawili ya kujaribiwa. Moja la gia za mkono. La pili linajibadilishia gia lenyewe, halina hata klachi! Lazima linunuliwe hilo. Mimi na klachi hatuelewani tangu zamani, na tayari nimemwambia mke wangu Kuluthum kwamba dereva ni mimi. Naye ameshawatangazia watu wote wa kwetu Jomvu Kuu.

Jumanne, 4 Julai
Fundi Odhiambo kanitibulia. Kamwambia Bwana Barakat kwamba mlimani, ukiwa na mzigo nyuma, gia ya mkono hukutii, na ikivunjika ataitengeneza mwenyewe papa hapa. Hilo jingine likivunjika, vipuri vingojewe kutoka Ulaya! Nikasema klachi humlemaza mtu mguu wa kushoto. Nikachechemea mpaka mlangoni kuonyesha. Bwana Barakat akaniuliza mbona nachechemea wa kulia.

Alhamisi, 6 Julai
Nimekaa ndani ya lori langu (naliita langu) na kulisoma. Penye mkono wa gia pana herufi tatu: R, N, D. Kumbe rahisi! R ni Rudi. N ni Nenda. D ilinishughulisha hadi adhuhuri. Ni Dua, kwa wakati wa shida. Waundaji wametuheshimu sana watu wa pwani. Odhiambo akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa upole kwamba yeye ni mtu wa bara, Kiswahili atakijulia wapi? Akacheka, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Julai
Majaribio. Gari bovu la mikate liliwekwa katikati ya kilima, kila lori lilivute mpaka juu. Odhiambo akapanda na la gia za mkono, taratibu, bila kutoka jasho. Zamu yangu. Nikatia Nenda, nikaachia breki, nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, lori likarudi nyuma! Nikazidisha mafuta, tukazidi kurudi. Chini yetu Mwanatabu, muuzaji wa kando ya barabara, kapanga mahamri yake. Niliogopa, wallahi, niliogopa kweli. Nikasoma dua zote nizijuazo na mkono nikautia kwenye D. Lori likaruka mbele, likapanda mpaka juu na mzigo wake! Mahamri yamepona yote, isipokuwa sinia moja.

Jumatatu, 10 Julai
Bwana Barakat kalinunua lori langu. Anasema lori lililoweza kupanda na dereva kama mimi litaweza kila kitu. Lakini usukani kampa Odhiambo! Imeniuma sana. Kuluthum hatoki nje kwa haya. Odhiambo anadai D ni neno la Kiingereza la kwenda mbele, na N ni lori kuachwa bila gia yoyote. Masikini! Dua nimeisoma mwenyewe na jibu nimeliona kwa macho yangu. Hiyo N ni kosa la fundi wa kiwandani.

Hata hivyo nimepewa nafasi ya mwisho. Kesho alfajiri Odhiambo anakwenda Mariakani kuvuta basi, na kazi yangu ni kulikagua lori. Nikifanya vizuri, Bwana Barakat atanifikiria tena kwa usukani. Nimekagua kila kitu, hata tangi la dizeli: halivuji hata tone. Mbele ya dereva pana kisaa kidogo chenye mshale na herufi mbili, F na E. F ni Funga. E ni Enda. Mshale umelala kwenye E kabisa. Nimemwambia Bwana Barakat lori liko tayari.