Gauni la Zambarau Kwenye Furushi la Bosi

Jumatatu, 6 Mei

Mke wangu kanipa gauni lake la zambarau nilipeleke kwa dobi. Eti nilipe! Nilipe vipi, wakati kaka yake ndiye mpiga pasi wa pale? Shemeji hunifulia bure tangu mwaka jana. Mwenye duka hajui, na sioni sababu ya kumsumbua. Wizi ni kutoa kitu dukani. Mimi natoa nini? Naingiza!

Shemeji leo alikuwa mzito. Akasema mkewe anakaribia kujifungua, kazi ndiyo hii moja, na tajiri wake ameanza ukaguzi. Kila nguo hubanwa kikaratasi chenye namba ya mteja. Isiyo na namba inaulizwa. Nikamwambia aache woga. Bosi wangu wa ofisini hufulisha hapo hapo, furushi kubwa kama godoro. Abane namba ya bosi kwenye gauni, kisha alichomoe kabla ya kufunga. Kwisha! Akaguna, akabana.

Jumanne, 7 Mei

Mimi si mtu asiye na shukrani. Mchana nimemtoa shemeji tukanywe chai. Hakutaka, nikamvuta mkono. Tunarudi, mwenzake keshafunga furushi la bosi na limeshapelekwa. Na gauni ndani! Shemeji aliketi juu ya rundo la mashuka. Nikamwambia hata hivyo chai ilikuwa nzuri.

Jumatano, 8 Mei

Bosi kaja na shati lenye mikunjo, macho mekundu. Kaniita ofisini kwake, kafunga mlango. Mkewe amekuta gauni la mwanamke katikati ya mashati yake. Bosi kalala kwenye kochi. Akaniuliza, kama mwanamume mwenzake, nakisia ni la nani. Nikasema sijawahi kuona gauni kama hilo maishani. Kisha, sijui shetani gani alinipitia, nikaongeza kuwa mwenye nalo lazima ana kiuno chembamba. Akaniangalia kwa muda mrefu.

Ningesema ukweli, ndiyo. Lakini shemeji angefukuzwa, na muungwana humsitiri ndugu yake. Tena ningelipishwa.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa! Mke wa bosi kaingia ofisini na gauni mkononi, anampimia kila mwanamke mabegani. Mhasibu analia. Dada wa mapokezi kajifungia chooni. Mimi nimejiinamia nyuma ya kompyuta. Mara mlango ukafunguliwa, nani kama si mke wangu! Alitoka kwa dobi kulifuata gauni lake, kaka yake akababaika, ndipo akaja kuniuliza mimi.

"Hilo gauni langu," akasema.

Mke wa bosi akamtazama mke wangu, kisha mumewe. Bosi akanitazama mimi, na nadhani alikumbuka kiuno. Nikasema yote, mbio mbio, hadi habari ya chai.

Jumamosi, 11 Mei

Shemeji kafukuzwa. Meza yangu imehamishiwa karibu na choo. Mke wangu kaninunia, kafungua kinywa mara moja tu.

"Mchuma janga hula na wa kwao," kasema. "Umechuma wewe, anayekula ni kaka yangu."

Imeniuma. Kweli imeniuma.

Jumatatu, 27 Mei

Mungu mkubwa. Shemeji kapata mtoto wa kike, na kazi mpya juu. Kazi wapi? Mke wangu hataki kuniambia. Mimi, mtu wa nyumbani! Lakini jana tulikwenda kumwona mtoto, shemeji akanikumbatia shingo upande, na sweta lake linanukia mkate wa moto. Bekari mtaani kwao iko moja tu.

Nimetafakari sana kuhusu mali ya watu. Mkate ulionunuliwa ni wa mnunuzi. Ulio rafuni ni wa mwenye bekari. Lakini ule uliobaki jioni, tuseme kweli, ni wa nani? Sitaomba kitu. Napita tu wakati wa kufunga, kumpa hongera ya mtoto. Nimebeba kapu kubwa, maana mwenye kapu dogo huonekana amekuja kuomba.