Waraka Namba Saba Kuhusu Nyuso Zinazojirudia

Ofisi ya Uratibu wa Picha za Maendeleo, Mafiga, ilikuwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, maendeleo yote yangepangwa kwa kompyuta. Itifaki ilizingatiwa. Keki ilikatwa. Programu mpya ya kupanga na kurekebisha picha iliwekwa kwenye mashine ya Mwanvita, karani wa picha, na Mkurugenzi Mansuri akapigwa picha akiitazama.

Ofisi hiyo haikujenga kitu, wala haikupaswa kujenga. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha. Mradi wenye picha ulikuwa umekamilika. Usio na picha ulikuwa maneno ya mtaani. Kwa utaratibu huo Mlali walishapata bomba la maji mara tatu, habari iliyomshangaza sana Bi Chausiku, bibi yake Mwanvita, aliyeishi hukohuko Mlali na kila alfajiri akishuka mtoni na ndoo, na magoti yale yanayomuuma. Morogoro ni mji kasoro bahari. Mlali ilikuwa kasoro bomba. Mwanvita aliwahi kuandika barua ya kumwombea bibi yake bomba. Ikarudi imegongwa muhuri: "Kijiji kimeshahudumiwa. Tazama picha."

Alizitazama. Katika zote tatu Mkurugenzi alisimama katikati, kifua mbele, mikono kaitandaza. Bomba, kwa mujibu wa maelezo chini ya picha, lilikuwa nyuma yake. Mkurugenzi alikuwa mtu mpana. Mwanvita ilimuuma, akazirudisha kwenye faili. Mshahara ni mshahara.

Sasa programu ile ilikuwa na umbea. Ilipolishwa picha zote mia nne ilizikusanya sura kwa sura, ikasema bila woga nani katokea mara ngapi. Mkurugenzi akaja kuchungulia, akawaona akina mama walewale sita wakishangilia visima katika vijiji kumi na tisa.

"Hawa ni nani?"

"Wanufaika, Mkuu. Huwa tunawabeba na gari la ofisi."

"Na wiki ijayo Mgeni Rasmi anakuja kutoka makao makuu! Si atasema mkoa mzima una wananchi sita?"

Jioni hiyohiyo ukatoka Waraka Namba Saba: "Uso wowote utakaojirudia zaidi ya mara tatu uondolewe katika picha zote, bila kujali jinsia, umri wala cheo." Maneno ya mwisho Mkurugenzi aliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa yalisikika vizuri.

Mwanvita aliusoma waraka mara mbili, kisha akaenda kugonga mlango.

"Shikamoo, Mkuu. Waraka unasema uso wowote. Wowote kabisa?"

"Marahaba. Kwani Kiswahili hujui, Mwanvita? Wowote."

"Hata wa mtu mzito?"

"Sheria ni msumeno, binti. Hukata mbele na nyuma." Hakuinua macho, alikuwa anachagua tai ya siku ya mgeni.

"Basi naomba unisainie hapa, Mkuu."

Akasaini. Akagonga muhuri, halafu akagonga tena kwa msisitizo.

Mwanvita alirudi mezani. Akina mama sita waliondoka kwanza, ndoo zao zikabaki. Kisha akautafuta uso unaoongoza. Ulikuwa kwenye picha mia tatu tisini na nane. Akakumbuka magoti ya bibi yake, akabonyeza "Ondoa". Programu haina mamlaka ya kubuni bomba. Panapobaki pengo hupajaza na kilichopo kando, na kando palikuwa na majani.

Siku ikafika. Mgeni Rasmi, Bi Rosa Kasimiri, alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene na maneno machache. Mkurugenzi hakuwa amezikagua picha, maana kukagua ni kazi ya walio chini. Projekta ikawashwa. Ukutani mkasi ulionekana ukikata utepe peke yake, na ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema makofi.

Ikaja picha ya pili.

"Hapa ni wapi?" akauliza mgeni.

"Mlali, Mheshimiwa," akajibu Mkurugenzi. "Uzinduzi wa bomba."

"Bomba liko wapi?"

"Liko nyuma yangu."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko mbele ya bomba, Mheshimiwa."

Mgeni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Majani. Ndoo tupu sita.

"Karani, nani kakuagiza hivi?"

"Waraka Namba Saba, Mheshimiwa. Una saini. Na mihuri miwili."

Bi Rosa aliusoma mpaka mwisho. "Waraka hauna tatizo. Ila ninaona kazi zote hizi zimefanyika bila mkurugenzi."

"Nilikuwepo!" Mansuri akasimama, jasho likimtoka. "Waulize watu!"

"Hayo ni maneno ya mtaani. Aliyekuwepo ana picha. Si ndio utaratibu wenu?" Akachukua mkoba wake. "Haya, twendeni Mlali. Nina kiu."

Miezi mitatu baadaye bomba lilifika Mlali, la chuma, linalotoa maji. Mansuri naye alikuja, sasa akiwa msaidizi wa karani wa picha. Mwanvita alipoinua kamera, mazoea yakamshinda mzee wa watu: akaenda kusimama palepale katikati, kifua mbele.

Bi Chausiku alimgusa bega kwa ndoo yake.

"Baba, sogea kidogo. Unaziba maji."

Akasogea.