Mnywaji Mwakilishi

Umma wa Kigoma, Ujiji na vitongoji vyake unatangaziwa kwamba matumizi ya kahawa katika ofisi yetu yalipunguzwa kwa mafanikio makubwa, na ladha haikupungua hata chembe. Yanayosemwa na madereva wa bodaboda pale Mwanga ni maneno ya watu wasioelewa utawala. Mimi nilikuwepo. Jina langu ni Gasper, na wakati huo nilikuwa Ofisa Mwandamizi wa Mikutano na Viburudisho katika Mamlaka ya Ustawi wa Mwambao. Kazi ya Mamlaka ni kuhakikisha mwambao wa ziwa una ustawi, na pale usipokuwa nao, kuhakikisha kinafanyika kikao.

Vikao vyetu tulivifanyia kwa Melania. Mama huyu ni mzaliwa wa Kalinzi, kule milimani kunakolimwa kahawa. Alipika miaka mingi kwenye hoteli za Arusha, kisha akarudi nyumbani na kila alichochuma akakitia kwenye mgahawa mmoja wenye baraza linalotazama ziwa, njia ya kwendea Kibirizi. Mashine yake ya kahawa ilikuja kwa treni, na iliposhushwa stesheni watu waliipisha njia wakidhani inapelekwa hospitali. Meneja wetu wa kanda, Bwana Oswald, aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, alifika Kigoma akiwa na huzuni ya kuonekana kwa macho. Alipoonja kapuchino ya Melania, akafungua mizigo.

Basi makao makuu Dodoma yakaagiza ofisi zote zibane matumizi ya vinywaji. Meneja aliitisha kikao cha dharura palepale kwa Melania, akaagiza kapuchino kwa wote ili tulijadili jambo kwa kina.

"Ndugu zangu," alisema akifuta povu mdomoni, "tumeagizwa kubana matumizi. Hatukuagizwa kubana ladha. Hapo ndipo utaalamu wetu unapohitajika."

Edina wa uhasibu alinyoosha mkono. "Meneja, si tununue kahawa ya hapo juu kwetu, tuchemshe wenyewe ofisini, tuweke kwenye chupa ya chai? Itakuwa rahisi, na tamu ileile."

Meneja alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Hilo ni suluhisho, Edina. Sisi bado tuko kwenye tatizo. Tusiruke hatua."

Ikaundwa kamati, mimi nikawa katibu wake. Kwanza tulijaribu utaratibu wa kikombe kimoja chenye mirija mingi. Ulishindikana kwa sababu maofisa wa cheo kimoja waliinama kwa wakati mmoja wakagongana vichwa, na itifaki haikueleza nani aanze kuomba radhi. Kisha tukajaribu kunusa. Tulijipanga kando ya mashine, tukavuta pumzi kwa zamu, lakini Meneja alilalamika kwamba kila zamu yake ikifika anaagizwa chai ya tangawizi na mtu wa meza ya pili aliyemdhania mhudumu.

Hapo kamati ikaona ni lazima ikajifunze kwa wenzetu. Tulikodi boti tukaenda Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Gombe, kuchunguza jinsi wananchi wasio na mgahawa wanavyokidhi hamu ya kahawa. Walitupokea vizuri, wakatueleza kwamba wasipokuwa na kahawa hawanywi. Tulilichukua hilo kama changamoto. Safari ile iligharimu zaidi ya vinywaji vya mwaka mzima, ila ilitoka kwenye kifungu kingine, kwa hiyo haikuhesabika.

Ni katika kurudi ndipo tulipopata ufumbuzi. Ziwa lilichafuka, boti ikawa inapanda na kushuka, na Meneja akashika mbao kwa mikono yote miwili. Tulikuwa na dereva wetu, Leonardi. Boti haina usukani wa gari, lakini dereva naye ana haki ya posho ya safari. Kabla ya kuajiriwa, Leonardi alikuwa mpiga debe wa boti pale Kibirizi, na Jumapili akitangaza mpira wa mitaani kwa kipaza sauti cha kuazima. Alipoona jinsi tulivyotishika, akaanza kutusimulia kahawa.

"Tulieni wazee. Kikombe hiki hapa, cha moto, nakishika kwa vidole viwili. Povu limenigusa mdomo wa juu. Sasa kahawa yenyewe inaingia, chungu kidogo, imepita pembeni mwa ulimi, maziwa yanaikimbiza kwa nyuma, wanakutana katikati, hapo sukari inatulia. Nameza. Eeh. Kifua kimepata joto."

Meneja alifumbua macho. Alikuwa amesahau mawimbi.

"Nimeinywa," alisema taratibu. "Leonardi, hiyo nimeinywa."

Wiki hiyohiyo ukazaliwa Mpango wa Mnywaji Mwakilishi. Msingi wake ni rahisi na wa kidemokrasia. Ikiwa mbunge mmoja anaweza kula kiapo kwa niaba ya jimbo zima, dereva mmoja hashindwi kunywa kwa niaba ya ofisi. Kila asubuhi tulikwenda kwa Melania, tukakaa barazani wote, ikaagizwa kapuchino moja, na Leonardi akainywa kwa sauti. Sisi tulifumba macho tukameza mate.

Siku ya kwanza Melania alisimama na sinia lake, akatuzungushia macho.

"Na ninyi wengine niwaletee nini?"

"Ahsante mama, sisi tumeshakunywa," nikamjibu.

"Mmekunywa saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hukumsikia?"

Aliondoka bila kusema neno. Mimi nilitafsiri ukimya ule kuwa ni ridhaa ya mdau.

Nikiri kwamba mpango ulikuwa na athari ndogondogo upande wa biashara. Sisi tulijaza baraza kuanzia asubuhi mpaka wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu Leonardi alizidi kuwa fundi na kikombe kimoja akaweza kukisimulia kwa muda mrefu. Watalii waliokuwa wanasubiri boti ya Gombe walikuja na mabegi yao mgongoni, wakatazama, wakakosa pa kukaa, wakaenda zao. Wasichana wawili waliokuwa wanamsaidia Melania, mmoja alirudishwa kwao Ilagala. Jioni moja nilipita nikamkuta Melania anaifuta mashine yake kwa kitambaa, anaifuta mahali palepale, na macho yake ni mekundu. Nilidhani ni moshi, ingawa mashine ile ni ya umeme.

Baadaye alikuja ofisini kumwona Meneja.

"Habari za kazi, Meneja. Mimi sina maneno mengi. Baraza langu mmelijaza, kikombe mnanunua kimoja. Mimi nitaishije?"

"Mama Melania," Meneja alisema, "wewe unaangalia kikombe. Angalia idadi ya wanufaika. Kikombe chako kimoja kinahudumia ofisi nzima. Hakuna mgahawa Tanzania wenye ufanisi kama wako."

"Ufanisi huo nitampikia nani?"

"Toa maoni yako kwa maandishi, tutayapokea."

Melania hakuandika. Kesho yake tulipofika, baraza lilikuwa tupu. Viti vyote alivirundika ndani, nje amebakiza kimoja.

"Mama, viti viko wapi?" nikauliza.

"Kiti kipo, kile pale."

"Tunakiona. Na vya wajumbe?"

"Si mna mwenyekiti?" alisema huku akipanga vikombe. "Mwenyekiti ndiye mwenye kiti. Atakaa kwa niaba yenu. Akishakaa, mwambieni awasimulie."

Tulitazamana. Kitaalamu, hoja ilikuwa haina kasoro. Meneja alikaa, sisi tukasimama kwenye jua, na baada ya muda akatutaarifu kwamba kiti kiko vizuri, kinashika mgongo. Edina alimwomba aeleze zaidi kuhusu miguu. Hakupenda swali lile.

Taarifa ya mafanikio yetu ilifika Dodoma, kwa kuwa tuliipeleka wenyewe, tena mara nyingi. Makao makuu yakamtuma Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Bi Catherine, aje ajionee. Ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na hajawahi kuonekana akicheka katika muda wa kazi. Meneja alimwomba Melania arudishe viti kwa siku moja, kwa heshima ya taifa. Melania alikubali haraka kiasi kwamba nilishangaa.

Leonardi siku hiyo alivaa suti ya Meneja. Alikunywa kuliko siku zote. Alianzia shambani kabisa, kwenye ukungu wa milima ya Kalinzi, akaichuma buni, akaianika, akaikaanga, akaipandisha kwenye lori, akaishusha mjini, na alipofika kwenye povu baadhi yetu tulikuwa tunafuta jasho. Bi Catherine alisikiliza amefumba macho. Alipofumbua, aliuliza kwa utaratibu.

"Bwana Oswald, mnapata ladha kamili?"

"Kamili, mheshimiwa."

"Hakuna mtumishi anayebaki na kiu?"

"Hayupo. Tumethibitisha kwamba mtu akisimuliwa vizuri, mwili hautofautishi."

"Na wewe binafsi?"

"Mimi ndiye mnufaika wa kwanza," Meneja alisema, akanyoosha tai. "Kwa kweli, mheshimiwa, nikinywa mwenyewe siku hizi naona haina utamu kama ya Leonardi."

Bi Catherine aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akamgeukia Melania aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Na wewe mama mwenye mgahawa, unauonaje mpango huu?"

Nilimkonyeza Melania aseme machache. Aliweka sinia mezani.

"Mpango ni mzuri, mheshimiwa. Mimi nilikuwa siuelewi, sasa nimeuelewa. Kasoro yake ni moja, wameuanzia kwenye kitu kidogo. Kahawa ni kitu gani? Ungeanzia kwenye mishahara ya wakubwa, Mamlaka ingeokoa hela ya maana. Apokee mmoja, awasimulie wenzake. Meneja mwenyewe amesema mwili hautofautishi."

Meneja alicheka. Mimi nikacheka kumsindikiza. Tulipogeuka tukamwona Bi Catherine hacheki. Alikuwa anafikiri.

"Mheshimiwa," Meneja alianza, "mshahara ni jambo la…"

"Umethibitisha au hukuthibitisha?"

"Nimethibitisha, lakini kwa upande wa…"

"Mwili unatofautisha?"

Ziwani boti ya injini ilipita ikielekea kaskazini, na sote tuliifuatilia kwa macho kwa bidii kubwa. Meneja alimeza mate, safari hii yake mwenyewe.

"Hautofautishi," alisema.

"Basi nakupongeza," Bi Catherine alisema. "Watumishi wa chini tusiwaguse, mabadiliko mazuri huanzia juu. Ngazi ya meneja na maofisa waandamizi itapokea mshahara mmoja kwa uwakilishi. Anatakiwa mtu anayeweza kueleza kitu mpaka asiyekipata aridhike. Mnaye?"

Leonardi alikuwa ameketi na suti ya Meneja, kikombe mkononi, anatazama chini kwa adabu. Edina ndiye aliyemnyooshea kidole.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa utulivu. Edina na wenzake, wenye mishahara yao, huja kwa Melania asubuhi na kila mmoja huagiza anachotaka. Yule binti wa Ilagala amerudi kazini, na watalii wanapata pa kukaa. Meneja na mimi husimama upande wa nje wa ukuta, kwa sababu barazani hukaa wateja.

Mwisho wa mwezi Leonardi hutuita pembeni. Si mtu wa majivuno, hutusalimia kwanza.

"Shikamooni wazee. Mpo tayari? Haya. Simu imetetema mfukoni. Naitoa, naifungua. Umeingia. Sifuri zimejipanga kwa heshima, moja nyuma ya nyingine. Nasikia mabega yanashuka. Hapa nawaza paa la nyumba, hapa nawaza ada za watoto, na vyote naviona vinawezekana."

Meneja hufumba macho, akashika ukuta. "Na makato?"

"Makato yapo, mzee, lakini hayachomi. Yanawasha tu."

"Endelea, Leonardi. Usiyapite haraka."

Mwezi wa kwanza nilikwenda nyumbani Ujiji nimeshiba kabisa usimulizi ule. Mke wangu, Wema, alikuwa uani anakaanga migebuka, samaki wa ziwa letu, na ugali ulikuwa umeshaiva. Aliniuliza kama mshahara umetoka. Nikamwambia umetoka, tena wote. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniwekea kigoda, akangoja.

Nilimsimulia. Nilijitahidi kuliko Leonardi mwenyewe. Nilimletea mtetemo wa simu, nikamletea sifuri, nikamshushia mabega, nikampitisha kwenye makato bila kumuumiza. Wema ni msikivu, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliniambia nimeeleza vizuri sana, na kwamba hajawahi kuusikia mshahara wangu ukiwa mkubwa namna hiyo.

Kisha akamwita Martini na wadogo zake, akawapakulia, akajipakulia na yeye, akafunika sufuria, akanigeukia na kipande cha mgebuka mkononi.

"Haya baba Martini," alisema, "fumba macho nikusimulie."